Mteja Akiuliza "Hii ni Orijino?": Kuuza Picha za Kuchorwa kwa Mkono Kutoka Moshi

Karibu kila nikiposti picha mpya, swali la kwanza ni hili: "Hii ni orijino?" Anayeuliza hana nia mbaya. Ameona shamba la ngano la njano, mawingu yanayojizungusha kama moshi wa kuni, na misaipresi miwili mirefu ya kijani kilichokolea. Anakumbuka ameshaiona mahali. Anataka kujua pesa yake inanunua nini.

Utakavyomjibu ndivyo itakavyoamuliwa kama unauza mara moja tu au atakuletea na shemeji zake.

Mimi nauza picha za ukutani za rangi ya mafuta, nipo Moshi mjini. Mchoraji ninayefanya naye kazi anakaa Kibosho na anachorea nyumbani kwake. Sehemu kubwa ya oda zetu ni nakala za mashamba na vijiji vya kina Vincent van Gogh na Paul Cézanne, zilizobaki ni mandhari ya huku kwetu mlimani. Leo nakupa ninayoyafuata kwenye kazi hii. Hata kama wewe unauza viatu, vitenge au vikapu, mengi yatakufaa, kwa sababu shida ni ileile: unauzaje kitu kinachofanana na kitu maarufu bila kumdanganya mtu na bila kujishusha bei?

1. JUA UNACHOUZA KABLA HUJAKIPOSTI

Ile picha ya ngano na misaipresi Van Gogh aliichora mwaka 1889 akiwa Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa Mholanzi, lakini kazi zake nyingi zinazojulikana alizichorea Ufaransa. Yeye, Cézanne na Gauguin ndio wanaotajwa sana kwenye kundi linaloitwa la Posti-Impreshonisti: watu wa rangi kali, rangi nzito, na mistari ya brashi inayoonekana waziwazi.

Picha yenyewe ina ukubwa wa sentimita 73 kwa 93 hivi, na ipo Metropolitan Museum of Art, New York. Iliingia pale mwaka 1993, na iliripotiwa kununuliwa kwa dola milioni 57. Nyingine inayofanana nayo, ambayo Van Gogh aliichora mwenyewe mwaka huohuo, ipo National Gallery, London. Kwa hiyo mtu yeyote wa Moshi, Arusha au Kariakoo akikwambia anayo orijino ya picha hii, mwache aendelee na safari yake.

Sokoni utakutana na vitu vitatu, usivichanganye:

Cha kwanza ni chapa. Ni picha iliyotolewa na mashine kwenye karatasi au kitambaa. Bei yake ndogo na si kitu kibaya. Kuna wanaopaka jeli juu yake ili ionekane ina michirizi ya brashi, hapo ndipo wateja wengi wanapopigwa.

Cha pili ni nakala ya mkono. Mtu amekaa na rangi na brashi akaichora upya, kipande kwa kipande, akiangalia picha ya zamani. Hakuna mbili zinazolingana kabisa.

Cha tatu ni kazi asilia. Mchoraji ametunga mwenyewe: shamba lake, mti wake, mlima wake.

Neno "nakala" lisikutie aibu. Van Gogh mwenyewe alinakili. Akiwa hukohuko Saint-Rémy alichora upya zaidi ya picha 20 za wengine, nyingi zikiwa za Jean-François Millet, Mfaransa aliyependa kuchora wakulima. Hakuficha kwamba zilitoka kwa Millet, na leo makumbusho yanazitundika na jina la Millet likitajwa palepale. Kunakili na kusema umenakili ni kazi ya heshima. Shida inaanza pale unapolificha neno.

Jambo lingine linalosumbua hapa kwetu ni jina la rangi. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya kung'aa ya kupaka milango na madirisha. Wachoraji wa Tingatinga wamejulikana miaka mingi kwa rangi za aina hiyo, na ni sanaa inayojitegemea. Lakini nakala ya Van Gogh inayouzwa kama "mafuta" mteja anategemea rangi ya tyubu ya wachoraji, iliyosagwa kwenye mafuta ya kitani. Kama kazi yako ni ya rangi ya kopo, au ya akriliki inayochanganywa na maji, andika hivyo. Mteja akija kugundua mwenyewe, hata yale ya kweli uliyomwambia hatayaamini tena.

2. SI KILA PICHA UNARUHUSIWA KUNAKILI

Hapa wengi wanaruka, na hapa ndipo unaweza kuharibikiwa.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi za Ulaya zinahesabu miaka 70. Van Gogh alifariki 1890, Gauguin 1903, Cézanne 1906. Muda wao umekwisha zamani, unaweza kunakili na kuuza.

Na usichukue kipicha chenye ukungu ulichotumiwa na mtu WhatsApp ukampa mchoraji. Tangu 2017, Metropolitan Museum imeziweka wazi kwenye tovuti yake picha safi za kazi zilizotoka kwenye hakimiliki, unapakua bure na unaruhusiwa kuzitumia hata kibiashara. Bando litakwenda kidogo, lakini mchoraji ataona kila mstari wa brashi. Rangi ya kijani itakuwa kijani, haitakuwa nyeusi.

Sasa linganisha na mtu wetu wa mlimani. Sam Ntiro alizaliwa 1923 hapa Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akaenda Slade School kule London, na baada ya uhuru akaiwakilisha Tanganyika hukohuko London. Alichora kwa mafuta maisha ya Wachagga: migomba, watu kazini, njia za vijijini. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku ipo Museum of Modern Art, New York. Kwa mtu wa Machame au Marangu aliyeko mbali na nyumbani, picha kama ile inagusa kuliko ngano za Ufaransa.

Wateja huniomba: "Nichoreeni ile ya Ntiro." Jibu langu ni hapana. Ntiro alifariki 1993. Ukihesabu miaka 50 unafika 2043. Kabla ya hapo, kunakili picha yake na kuiuza kunahitaji ruhusa ya wenye haki. Ajabu ni kwamba Mholanzi wa mbali tunaruhusiwa kumnakili, jirani yetu haturuhusiwi, lakini ndiyo sheria, na inamlinda pia mchoraji wako na watoto wake kesho.

Kitu unachoweza kufanya ni hiki: wazo halimilikiwi na mtu. Kubeba mbege kwenda ukweni ni desturi ya watu wote wa mlimani. Mchoraji wako akitunga picha yake mwenyewe, kwa mpangilio wake na watu wake, hiyo ni kazi yake asilia. Mweleze mteja hivyo. Wengi wanakubali, na wengine wanafurahi zaidi, kwa sababu unaweza kuweka njia ya kwao halisi.

3. SAINI: HAPA NILIPOTEZA ODA YA PICHA SITA

Mwaka juzi alikuja dalali mmoja. Alikuwa na mteja anayepamba nyumba ya wageni, anataka picha sita kubwa za mashamba, mtindo wa Van Gogh. Bei hakuibishia. Alikuwa na masharti mawili tu.

"Mangi, futa hilo neno nakala kwenye risiti. Halafu mwambie kijana wako aweke ile saini, Vincent, kule chini."

Nikamwambia ukubwa tutafuata, rangi tutafuata, lakini saini ya marehemu hatuweki.

"Nani atajua? Wageni wanalala usiku mmoja wanaondoka."

Oda sita kwa mpigo kwetu si kitu cha kawaida. Ulikuwa mwezi wa kwanza, mchoraji ana watoto wawili wa sekondari, na unajua mwezi wa kwanza ulivyo. Sikutaka kuamua peke yangu, kwa hiyo nilipanda Kibosho nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu. Baadaye akasema, "Kaka, nikiandika jina la mtu mwingine mara sita, langu nitaliandika wapi?"

Tukaikataa. Yule dalali hakurudi, na ile pesa hatukuipata. Sitakudanganya kwamba wiki iliyofuata ikaja oda kubwa zaidi, haikuja. Ada ya wale watoto ililipwa kidogo kidogo mpaka mwezi wa nne.

Lakini fikiria upande wa pili. Saini ya mtu mwingine inaitoa picha kwenye nakala na kuifanya ya kughushi. Siku mwenye nyumba ile akiamua kuiuza, au akipata mgeni anayejua, msururu unarudi: mwenye nyumba kwa dalali, dalali kwako, wewe kwa mchoraji. Mwisho wa msururu yupo mtu mmoja mwenye brashi, na yeye ndiye aliyelipwa kidogo kuliko wote.

Makumbusho ya Louvre, Paris, yanaruhusu wachoraji kukaa mle ndani na kunakili, lakini kwa masharti: ukubwa wa nakala utofautiane na orijino, na saini isinakiliwe. Sisi tumeyafanya masharti hayo kuwa yetu. Nyuma ya kila nakala tunaandika kwa mkono:

*Nakala ya mkono, rangi ya mafuta. Imetokana na picha ya Vincent van Gogh ya 1889. Imechorwa Kibosho, Moshi. Jina la mchoraji. Mwezi na mwaka.*

Maandishi haya hayagharimu kitu. Na usishangae, wateja wanaoyapenda kuliko picha yenyewe wapo. Wanaipiga picha ile nyuma na kuiweka status.

4. TANGAZO LINALOJIBU MASWALI KABLA HAYAJAULIZWA

Picha ya mafuta ikipigwa vibaya inafanana na chapa. Fanya hivi:

Piga mchana, kwenye kivuli cha baraza, asubuhi jua likiwa halijawa kali. Usitumie flashi, inaacha doa jeupe katikati.

Weka karatasi nyeupe pembeni ya picha. Ukiona karatasi imekuwa ya njano au ya bluu kwenye simu, basi na rangi zako zimepotoka. Sogea sehemu nyingine.

Piga moja ya mbele, moja ya karibu sana mwanga ukitokea ubavuni ili rangi nzito ionyeshe vilima na mabonde yake, moja ya ukingo, na moja ya nyuma.

Chukua video ya sekunde kumi ukiinamisha picha polepole. Rangi ya kweli inacheza na mwanga, chapa inabaki tambarare.

Muombe mchoraji akupigie hatua tatu: mchoro wa kwanza, kazi ikiwa nusu, na kazi iliyokamilika. Hizi tatu ndizo ushahidi wako kwamba mkono wa mtu umefanya kazi. Pia zinakupa posti tatu badala ya moja.

Halafu maandishi. Langu linakaa hivi:

*Shamba la Ngano na Misaipresi. Nakala ya mkono ya picha ya Van Gogh ya 1889. Rangi ya mafuta ya tyubu juu ya kitambaa cha pamba. Sm 60 kwa 80 bila fremu ya nje. Imechorwa Kibosho, Moshi. Si chapa. Kila moja inatofautiana kidogo na nyingine. Inachukua wiki 8 hadi 10 mpaka ikufikie, kwa sababu rangi lazima ikauke. Advansi nusu. Bei 380,000.*

Weka bei. Habari ya "njoo inbox" kwa kitu cha gharama inamfanya mtu ahisi bei inapangwa kwa kumwangalia usoni.

5. KUKAUKA: USIMUAHIDI MTEJA KITU AMBACHO RANGI HAIJAKUBALI

Rangi ya maji inakauka maji yakiruka hewani. Mafuta ya kitani hayaruki. Yanavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka taratibu kuwa ngozi ngumu. Ndiyo maana huwezi kuyaharakisha kwa feni na kuyaweka juani kama nguo.

Rangi nyembamba inaweza kushikika baada ya siku chache hadi wiki mbili. Ile nzito ya mtindo wa Van Gogh inakauka juu kwanza, ndani bado laini, na inaweza kuchukua wiki nyingi au miezi. Rangi za udongo wa kahawia hukauka mapema, nyeupe nyingi huchelewa. Na baridi inachelewesha zaidi. Picha iliyokamilika Kibosho mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka saa nne, usitegemee iwe sawa na iliyokamilika mjini mwezi wa pili.

Kwa hiyo piga hesabu ya kurudi nyuma. Msimu wetu mkubwa ni Desemba. Wachagga wanarudi nyumbani Krismasi, nyumba zimepakwa rangi, kila mtu anataka sebule iwe na kitu kipya. Mteja atakupigia Novemba katikati akitaka picha nzito kabla ya sikukuu. Huo muda umeshapita. Anza kutangaza oda za Desemba mwezi wa nane, funga mwisho wa mwezi wa tisa. Anayekuja baada ya hapo mpe zilizokwisha kauka, au mchoree ya tabaka jembamba na umwambie tofauti yake.

Kupima: gusa kwa upole, kwa kidole kikavu, pale rangi ilipo nene kabisa. Ikinata au ikibonyea, haiendi popote. Vanishi ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi 6 hadi 12. Mwambie mteja mapema, asije akapeleka kwa fundi mbao akapigiwa vanishi ya meza.

Na hili ni la usalama. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa kwenye kapu. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kabisa, au viloweke kwenye maji kwanza.

6. BEI: MHESABU MCHORAJI KWANZA

Huu ni mfano wa picha ya sm 60 kwa 80. Weka bei za kwako:

Kitambaa, fremu ya ndani na rangi ya msingi: 35,000
Rangi za tyubu na mafuta: 45,000
Mchoraji, siku 5 za 30,000: 150,000
Kufungasha: 20,000
Usafiri wa ndani: 5,000
Bando na matangazo: 15,000
Jumla: 270,000

Nikiuza 380,000 inabaki 110,000. Hiyo siiti faida yote. Ndani yake kuna picha itakayorudi na kona imebonyea, kuna pesa iliyolala wiki nane, na kuna muda wangu.

Mteja atasema, "Mbona Kariakoo kuna ya 40,000?" Usikasirike wala usiseme ya Kariakoo ni takataka. Mwambie: "Ile ni chapa, na kama bajeti ni hiyo itakupendezea ukuta. Hii mtu ameichora kwa siku tano, hizi hapa picha za hatua zake." Halafu nyamaza. Anayetaka chapa atakwenda, anayetaka mkono atabaki.

Kwenye bei peke yake huwezi kushindana na dunia. China, mjini Shenzhen, kuna kijiji kinaitwa Dafen ambacho tangu 1989 kimekuwa kikizalisha nakala za mafuta na kuziuza nchi nyingi. Hawa hutawashinda kwa bei ndogo. Unawashinda kwa ukaribu: mteja anachagua ukubwa unaolingana na ukuta wake, anaona kazi ikiendelea, na fremu ikilegea anajua pa kuipeleka.

Mlipe mchoraji akikabidhi kazi, usimwambie asubiri mteja amalizie. Biashara ya kuuza ni yako, hatari ya mteja kuchelewa ni yako.

7. KUFUNGA NA KUTUMA

Mizigo mingi ya Moshi inakwenda Dar kwa basi, na kwenye buti la basi picha yako inasafiri pamoja na ndizi na mabegi. Ifunge ukijua hilo.

Kitu kinachogusa rangi kiwe karatasi ya kuokea, ile isiyonata. Gazeti linaacha wino. Plastiki ya mapovu ikigusa rangi moja kwa moja inaacha alama za duara, na kwenye rangi ambayo ndani bado laini hazitoki.

Kona nne zivae kofia za boksi gumu. Mbele na nyuma weka ubao mwembamba. Baada ya hapo ndipo plastiki ya mapovu, kisha boksi. Andika USILAZE KITU JUU pande zote mbili.

Ukilazimika kukunja kitambaa kwenye bomba, kunja upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba pana, na picha iwe imekauka hasa. Yenye rangi nzito usiikunje kabisa.

Piga video unavyofunga, piga na risiti ya basi, mtumie mteja. Ukituma nje ya nchi kwa kasha la mbao, mbao iwe imetibiwa na kugongwa muhuri unaotakiwa kimataifa, la sivyo kasha linaweza kuzuiwa bandarini au uwanja wa ndege.

8. NAKALA IKUFUNGULIE MLANGO WA KAZI ASILIA

Upande wa magharibi wa mlima, kule West Kilimanjaro, kuna mashamba ya ngano, na kuna msitu wa kupandwa wenye misaipresi, ndugu wa ile ya Van Gogh. Huku wengi wetu tunaijua kama mti wa Krismasi. Ngano ya njano, misaipresi ya kijani, wingu, na nyuma kabisa Kibo. Vitu vyote vya ile picha ya New York vipo hapa, na mlima juu yake.

Baada ya kunakili ngano za Saint-Rémy mara nyingi, mchoraji wangu alipanda daladala na daftari lake akaenda kuzitazama za kwetu. Picha aliyorudi nayo ina mistari mizito ileile aliyojifunza kwa kunakili, lakini udongo wake ni wa huku, na kuna mama amebeba majani ya ng'ombe kichwani. Ile nilipoiposti, mbele kule chini ilikuwa na saini. Ya kwake.

Niliiuza kwa bei ya juu kuliko nakala, kwa mteja ambaye mara ya kwanza alikuja kununua nakala. Hakuuliza kama ni orijino. Alikuwa anajua kwamba kwenye ukurasa wangu nakala huandikwa nakala, kwa hiyo isiyoandikwa hivyo haikuhitaji maelezo.

Kwa anayeanza wiki hii: pitia matangazo yako yote ya zamani. Kila kitu ambacho ni nakala, ongeza neno hilo na jina la aliyekitengeneza. Fanya leo kabla hujaposti kingine. Wateja wachache watakimbia. Angalia wanaobaki wanauliza nini, halafu njoo utusimulie hapa.